Mgongo wa Sajini

10 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Baba amefika salama hospitali ya kambi kuu, nami nimerudi nyumbani jana, mwili umechoka lakini roho imetulia. Nimeshika kalamu kabla ya kuwasha tanuri, nisije nikasema nitakushukuru kesho na kesho mikate ikanimeza.

Wewe ulikuwa mbali, kwa hiyo nikukumbushe tulikotoka. Tangu Baba aanguke kutoka kwenye paa alilokuwa analiziba, na miguu yake ikafa ganzi, tulikuwa hospitali ya kilimani. Dari linavuja, vitanda vinalia. Halafu kuna Sista Mrefu, mkuu wa wauguzi pale, ambaye hakumpa Baba usingizi. Kila saa mbili anasimama kando ya kitanda na kusema, "Geuka, Sajini." Anageuzwa kama mkate. Na pamoja na bidii yote hiyo, ubao wa wodi yao ulikuwa unaonyesha wagonjwa wenye vidonda vya kulalia, vile vya kulala upande mmoja muda mrefu, kila mwezi, wakati wewe uliniandikia kwamba kambi kuu hawajapata hata kimoja kwa miaka, na wana kombe la kuthibitisha. Ningefanyaje? Nikakusumbua mpaka uhamisho ukapatikana.

Na sasa nimeona kwa macho yangu. Sakafu inang'aa mpaka nimejiona sijachana nywele. Mashuka yamepigwa pasi. Muuguzi wa wodi ni msichana mdogo mwenye sauti laini, Baba kashampa jina, anamwita Binti. Analishwa na Binti kwa kijiko kwa sababu mkono wa kulia bado unatetemeka, naye anafungua mdomo bila ubishi, jambo ambalo kwangu hakulifanya hata siku moja.

Sista Mrefu hakutununia tulipoondoka. Alinishika bega tu akaniambia, "Waambie wamgeuze." Akarudia tena mlangoni, na tena garini. Nilicheka, nikamwambia wale wana kombe.

Asante, Kitinda. Mungu akulipe kwa hili.

Dada yako


24 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wa kushukuriwa ni wewe. Mimi nilizungumza na watu wawili ofisini. Wewe ndiye uliyefunga duka, ukalala kwenye kiti, ukamfulia Baba nguo miezi yote ile. Nisipolisema hilo nitakuwa mtu wa ajabu.

Uliniuliza zamani kazi yangu hapa makao makuu ni nini hasa, nikakujibu "takwimu" ukapiga miayo. Nijaribu tena. Brigedia wetu, mkuu wa tiba, ametupa agizo: hospitali zote za jeshi zipimwe kwa vipimo vya aina moja. Mpaka sasa kila moja inajipima inavyojua. Chukua muda ambao mgonjwa anasubiri daktari. Hospitali moja inaanza kuhesabu anapoingia getini. Nyingine, anapokaa kwenye benchi. Ya tatu inaanza pale daktari anapoita jina lake, na hiyo ya tatu ndiyo inayoongoza kila mwaka. Kwao hakuna mtu aliyewahi kusubiri tangu dunia iumbwe.

Ni sawa na wewe uuze mkate kwa mizani na jirani yako auze kwa kukisia mkononi, halafu aje mtu aseme nani anapunja. Kazi yangu ni kuwapa wote mizani moja. Mwezi ujao wakuu wa wauguzi wanakutana hapa, tuanze na vidonda vya kulalia. Nitafurahi kuwasikia kambi kuu wakieleza siri yao, ili wengine waige.

Mpe Baba salamu. Mwambie naye aandike, mkono utazoea.

Kitinda


6 Machi

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usiniletee habari za mwandiko.

Nakushukuru kwa mahali hapa. Nimelala sehemu nyingi katika maisha ya jeshi, kwenye matope na kwenye lori, na sijawahi kulala kwenye shuka lenye mkunjo wa pasi. Hapa hakuna anayenikurupusha usingizini. Usiku kucha ni wangu.

Binti ni mtoto mwema sana. Wodi nzima iko mabegani mwake, anakimbia kama kuruta wa wiki ya kwanza, na bado akifika kwangu anakaa. Ananisomea gazeti. Juzi nilimwambia nina mwana kapteni makao makuu, anayetunga vipimo vya hospitali zote. Nilidhani atafurahi. Aliukunja ule ukurasa wa gazeti, akaniuliza kama wewe ni mkali. Nikamwambia hapana, ulikuwa unaogopa bata.

Chakula kizuri. Mgongo mzuri. Kila kitu kizuri. Msijisumbue kuja mara kwa mara.

Baba yenu,
Sajini mstaafu


30 Machi

Dada, shikamoo.

Mkutano umekwisha jana na sijatulia. Nakueleza wewe kwanza.

Tulizunguka meza, kila mkuu wa wauguzi akaeleza hospitali yake inavyohesabu vidonda vya kulalia. Mjumbe wa kambi kuu, mtu mpole na mwenye adabu, alisema kwao kidonda kinahesabiwa pale daktari anapokiandika kama ugonjwa siku mgonjwa anaporuhusiwa, na iwe imethibitika kwamba mgonjwa hakuja nacho. Nikamwuliza ni mara ngapi hayo mawili yamewahi kukutana. Akafikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa, akasema haijatokea.

Halafu akasimama Sista Mrefu wa kilimani. Kwa cheo ni meja, sikujua. Alisema wao humvua shuka kila mgonjwa asiyeweza kujigeuza, wakamtazama kuanzia visigino hadi kisogo. "Tunavikuta vikiwa bado ni wekundu tu wa ngozi," alisema. "Tunaviandika hata hivyo." Akakaa.

Dada, mimi nilikuwa naangalia karatasi yangu lakini sioni kitu. Ule ubao wa kilimani uliotutisha ulikuwa ni ubao wa watu wanaoangalia. Na lile kombe la kambi kuu limetolewa kwa kutoangalia. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja alikuwa anajibu swali lake. Ila mimi na wewe tumemtoa Baba kwa wanaoangalia tukampeleka kwa wasioangalia, na tukashukuru.

Tumekubaliana wote. Mwanzoni mwa Mei, siku moja, hospitali zote zitaangalia wagonjwa wote wasiojigeuza, na waangaliaji watatoka hospitali nyingine. Mkuu wa hospitali ya kambi kuu, Kanali, alipoulizwa hakupinga. Mimi mpaka siku hiyo ipite nimezuiwa kukanyaga wodi yoyote, isije ikasemwa nimekwenda kuchezea hesabu. Kwa hiyo nakuomba wewe. Nenda ukamwulize Baba mgongo wake ukoje. Usimtishe.

Kitinda


9 Aprili

Kitinda,

Nimekwenda, nimeuliza. Baba kanijibu kwamba mgongo wa askari haukaguliwi na mwoka mikate. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka, nami nikacheka. Amekonda kidogo, anasema ni joto. Palikuwa na harufu kali ya dawa, nikadhani wamepiga deki. Binti alipita na sinia la dawa akanisalimia haraka, hakusimama.

Nadhani umejitia hofu bure. Kunywa maji, ulale.

Dada yako


8 Mei

Dada, shikamoo.

Siku ya kuangalia imepita. Kwenye hospitali zote wagonjwa walikuwa na hiari ya kukataa, na karibu wote walikubali. Kambi kuu alikataa mmoja tu.

Waangaliaji waliopelekwa kule walikuwa wa kilimani. Leo asubuhi Sista Mrefu, akiwa njiani kurudi kwake, alipitia ofisini kwangu. Hakukaa. Alisema alipovuta pazia la kitanda kimoja, mzee aliyekuwa amelala pale alishika shuka kwa mikono miwili akamwambia, "Nimeshakaguliwa vya kutosha jeshini, Meja. Pita." Sikumwuliza jina. Naye hakunitajia. Alisema tu, "Kapteni, kama mtu wako yuko kule, mtume anayempenda."

Mimi bado nimezuiwa mpaka hesabu zote zifungwe. Nenda tena, Dada. Safari hii usicheke.

Kitinda


11 Mei

Kitinda,

Barua hii anakuletea dereva wa gari la dawa, mkononi, kwa sababu haiwezi kungoja.

Nianze na hasira, kisha niiweke chini. Nilipoondoka nyumbani nilikuwa nakulaani. Nilisema huyu mtoto kapata cheo, sasa anawapanga wazee mstari na kuwavua mashuka ili apate tarakimu za kumpelekea Brigedia. Nilikusudia kukwambia hivyo hivyo. Sasa sina nguvu ya kukwambia.

Nilimkuta Baba amelalia ubavu, kitu ambacho si kawaida yake, uso umejaa jasho. Nikavuta kiti karibu. Nikamwuliza kwa nini amemkatalia Sista Mrefu. Akaanza kuleta mzaha. Nikamwambia, Baba, nguo zako nimezifua mimi, hakuna ambacho sijakiona. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Kipo. Chini ya kiuno. Mimi sikisikii, miguu haisikii chochote, lakini harufu naisikia. Binti ananisafisha kila asubuhi kabla daktari hajapita."

Nikamwuliza kwa nini amenyamaza wakati wote huo, hata kwangu.

"Yule mtoto ana wodi nzima peke yake," akasema. "Ananilisha kwa mkono wake. Nikionyesha, hesabu ya hospitali itaharibika, na wa kwanza kuitwa ni yeye. Tena anayeita ni mwanangu. Mtu aliyenitendea wema hivi nitamlipa kwa kumfukuzisha kazi?"

Ndiyo hivyo, Kitinda. Shukrani ndiyo inayomwua.

Nilimfuata Binti kwenye korido. Alilia kabla sijafungua mdomo. Alisema alikigundua mapema, akamwambia msimamizi wake, akaambiwa akisafishe na aandike kwamba mgonjwa alikuja nacho kutoka kilimani. Alikataa kuandika hivyo, lakini hakuthubutu kwenda juu zaidi. Kila mara alipotaka kumwambia daktari, Baba alimshika mkono. "Mimi nilitaka kusema, mama," aliniambia. "Yeye ndiye aliyeninyamazisha."

Baba ana homa. Anasema hatamfunulia daktari mgongo mpaka aone kwa maandishi kwamba yule msichana hataguswa, na mwenye kuandika awe mkubwa, si wewe. Unamjua kichwa chake. Nimempa siku mbili. Zikipita nitaita daktari mwenyewe, hata akinikana mbele ya wodi nzima.

Dada yako


12 Mei

Baba, shikamoo.

Nakuandikia kama mwanao kwanza. Nimelia ofisini, mlango ukiwa wazi, na karani wangu amejifanya anatafuta kalamu. Basi.

Sasa nakuandikia kama Kapteni. Leo asubuhi nilikwenda kwa Brigedia bila miadi. Nilimwambia kuna mgonjwa anayeficha kidonda ili kumlinda muuguzi wake dhidi ya kipimo chetu, na kwamba kama mmoja amefanya hivyo, wapo na wengine, na wauguzi pia, na wakuu wa hospitali pia. Alikunja uso. Alisema katika jeshi hajawahi kuona kipimo kisicho na adhabu nyuma yake. Nikamwambia basi mwakani kila hospitali itatuletea sifuri, tutagawa makombe, na watu wataoza chini ya mashuka yaliyopigwa pasi. Nilisema neno hilo, kuoza. Sikumwambia ni baba yangu. Nadhani alielewa, kwa sababu aliniambia nikae, ingawa mbele yake kapteni hakai.

Karatasi iliyo ndani ya bahasha hii ina sahihi yake na mhuri wake, nayo inakwenda hospitali zote leo hii. Inasema kwamba hesabu za vidonda hazitatumika kumwadhibu muuguzi yeyote wala kumnyima cheo. Zitatumika kuamua ni wodi gani iongezewe wauguzi na magodoro. Inasema pia kwamba anayekionyesha kidonda ametimiza wajibu wake.

Umeshaona mihuri mingi, ukague huu. Ukiridhika, nakuomba, geuka.

Baba, wewe ulidhani kipimo changu kinamtafuta Binti. Kilikuwa kinakutafuta wewe. Kosa ni langu kwamba sikukueleza mapema kwa lugha ya kueleweka. Wodi nzima mabegani mwa msichana mmoja, hilo ndilo tulilokuwa tunataka kuliona, na haliwezi kuonekana kama kila aliyetendewa wema anamfichia.

Mwanao


15 Mei

Kitinda,

Kwa kifupi, nimesimama nje ya chumba cha upasuaji.

Aliisoma ile karatasi mara tatu, akaugusa mhuri kwa kidole, akasema, "Wa kweli." Kisha akamwita Binti, akamwambia, "Haya, mwite daktari wako." Kidonda kimefika kwenye mfupa. Daktari hakukemea mtu. Alisema tungechelewa wiki moja zaidi, asingekuwa na la kufanya.

Kanali mwenyewe alishuka wodini. Alisimama miguuni pa kitanda, akavua kofia, akakitazama kidonda mpaka mwisho, hakugeuza uso. Alimwambia Baba, "Sajini, mimi sikujua." Baba akamjibu kwamba anajua hakujua. Tangu saa ile wanafunua tena mashuka wodi kwa wodi, na Kanali anatembea nao; ameagiza kidonda cha Baba kiongezwe kwenye hesabu kabla haijafungwa.

Binti ndiye aliyesukuma kitanda kwenda chumba cha upasuaji. Hakukubali mtu mwingine ashike.

Omba.

Dada yako


30 Julai

Mwanangu,

Hii ni barua ya mkono wa kulia. Unaona tofauti.

Dada yako amekwisha kukuhadithia wiki zile nilizokuwa siongei yaliyo na maana, kwa hiyo sitarudia. Anasema nilikuwa naamrisha kombania nzima na nikamwita yeye koplo. Sina kumbukumbu, na sitajibu mashtaka. Nyama imeanza kujaa. Daktari ananionyesha kidonda kwa kioo kila baada ya siku chache, anakisifia kama fundi anayesifia ukuta wake. Juzi nimekaa kwenye kiti cha magurudumu tangu chai mpaka chakula cha mchana, nikiinuliwa kila wakati ili nisijilalie tena.

Wameleta wauguzi wengine wanne kwenye wodi hii. Sista Mrefu naye yuko hapa kwa muda, anawafundisha. Mwanamke yule hachoki. Siku ya kwanza alifika kitandani kwangu, akasimama kama mlingoti, nikajua maneno yanayokuja. Nilimtangulia. Nilimwomba radhi kwa kumkatalia asifunue shuka, nikamshukuru kwa kila usingizi alionikatiza kule kilimani. Aliniambia, "Asante, Sajini. Sasa geuka."

Binti hajaguswa. Amepelekwa mafunzo ya vidonda, kwa chaguo la Kanali mwenyewe, na amerudi na sauti mpya. Ile laini ameiacha huko. Ananigeuza kila saa mbili, nikinung'unika anasema atamwandikia Kapteni. Nimemwambia Kapteni anaogopa bata, haimsaidii. Wema wake ni ule ule, ila sasa una meno. Alinikumbatia siku aliporudi, akasema mimi ndiye mgonjwa mkaidi kuliko wote na kwamba hatanisahau. Nami nikamwambia nilimpenda vibaya. Nilimpenda kwa kumwachia mzigo. Alikaa kidogo, akanisomea gazeti.

Nawashukuru ninyi watoto wangu wawili. Dada yako kwa kukataa kucheka. Wewe kwa kukaa mbele ya Brigedia.

Ile ripoti uliyonitumia Kanali ameibandika mlangoni, mahali ambapo kila mgeni ataiona. Hospitali yetu iko chini kabisa, imezizidi zote kwa vidonda. Watu wakija kutazama wagonjwa wao wanasimama pale, wanatikisa vichwa. Jana nilimwomba Binti anisukume mpaka mlangoni. Nikaitafuta safu yetu, nikaweka kidole kwenye ile tarakimu. Mama mmoja aliyekuwa amesimama pale akasema, "Mzee, hesabu mbaya hii." Nikamwambia mimi nimo humo.

Miaka yote ya jeshi nimehesabiwa kila asubuhi kwenye gwaride, mvua na jua, na sikuwahi kuona faida yake. Safari hii nimehesabiwa nikapona.

Baba yako,
Sajini mstaafu